Neno Nililotia Sahihi Bila Kulijua

Naro Moru, Alhamisi mchana

Ndirangu ndugu yangu,

Vumilia mwandiko huu. Hata ukiwa hai ulikuwa ukisema herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe.

Hii ni wiki ya tisa tangu tukuzike Endarasha. Jana tulikuwa kortini Nyeri, kwa ule uchunguzi wa kifo chako. Nilidhani jana ikipita woga utaisha. Umepita usiku mmoja na bado naogopa. Paka akiangusha sufuria, naruka. Nikiona kofia ya askari barabarani, naingia dukani hata kama sina cha kununua.

Mlimani sijarudi. Kuna kijana wa Kiganjo anayebeba mizigo mahali pako, na mimi nachimba viazi vya watu. Asubuhi mawingu yakifunguka na kilele kikaonekana, nageuka nikiangalia upande wa Aberdare. Wenzetu wapagazi hawaniambii kitu kibaya. Lakini nikifika kibandani kunywa chai, mazungumzo yanapungua.

Unakumbuka yule mzee wa Kijerumani aliyeniambia "look after my stick"? Nikaenda kumtafutia fimbo yake kwenye mahema yote, nikainama mpaka chini ya meza ya mpishi, na fimbo yenyewe imesimama pale pale pembeni yake. Ulicheka mpaka ukatua mzigo. Halafu ukanikalisha juu ya jiwe ukanifundisha: look for ni kutafuta, look after ni kutunza. Ukaendelea na see, look na watch, mpaka mpishi akauliza kama tumekuja kubeba mizigo au kufungua shule. "Wambugu," ukaniambia, "hawa wazungu wana maneno mengi yanayofanana kama ndugu, lakini kila ndugu ana shamba lake."

Wewe ulimaliza kidato cha nne, ukakosa karo ya chuo cha ualimu. Mimi niliishia darasa la saba. Ulikuwa unajiandaa kwa ule mtihani wa kuwa kiongozi wa watalii, na kila neno ulilojifunza uliliandika katika daftari lako la buluu, halafu ukanimegea na mimi.

Sasa nikwambie kilichonipata baada ya wewe kwenda.

Siku ile unaijua mpaka tulipofika kwenye ule mteremko wa matope. Kiongozi alikuwa amewapeleka watalii kileleni, akaniambia nikuteremshe haraka kwa sababu ya kile kikohozi. Ulitembea vizuri saa ya kwanza. Halafu ukaanza kukaa kila hatua ishirini. Kifua chako kilikuwa kinalia kama birika likianza kuchemka. Mate yako yalikuwa na rangi ya waridi, na mimi nikajifanya sijaona. Nilikubeba mgongoni nikaanguka, nikakubeba tena nikaanguka. Ndipo nilipokuweka chini ya lile jiwe lililoinama, nikakufunika kwa blanketi na turubai, nikashuka kutafuta askari wa mbuga kwenye kituo cha chini, wenye redio na machela.

Tuliporudi ulikuwa umekwisha. Turubai halikuwa limesogea hata kidogo.

Kesho yake nikaitwa polisi. Askari aliniuliza kwa Kiswahili na akawa anaandika kwa Kiingereza.

"Wewe ulimuacha huyu mtu huko juu?"

"Ndiyo, nilimuacha."

"Alikuwa mzima?"

"Alikuwa anapumua, afande."

Akaandika, akanisomea mbio mbio. Nilisikia mountain, mlima, nalijua. Nilisikia alive, hai, nalijua. Katikati yake kulikuwa na neno jingine: abandoned. Sikulijua. Ungekuwepo ningekugusa kiwiko nikuulize. Lakini yule askari alikuwa ameshanisukumia kalamu, na nani huuliza maana ya maneno akiwa kituo cha polisi? Nikatia sahihi. Akaniambia nisitoke Naro Moru bila ruhusa.

Neno lile nilitembea nalo mdomoni mpaka nyumbani, nikilirudia nisije nikalipoteza. Begi lako lilikuwa bado kwangu. Nikatoa daftari la buluu nikapekua, na nikalikuta, kwa penseli, karibu na mwisho. Uliandika hivi: Leave, kuacha, unaweza kurudi. Abandon, kuacha kabisa, kutupa, huna nia ya kurudi. Chini yake ukaweka mfano wa mama aliyemwacha mtoto kwa nyanya yake na mama aliyemtupa mtoto kichakani.

Nilikaa chini kwenye udongo nikiwa nimelishika daftari. Kumbe nilikuwa nimesaini kwamba nilikutupa.

Kuanzia siku hiyo sikula vizuri. Nilifikiria kurudi kwa yule askari nimwambie abadilishe, lakini nikaona atasema, umefundishwa na nani sasa? Nilifikiria kutorokea Mwea, nikafanye kibarua cha mpunga ambako hakuna anayenijua. Nilifunga hata nguo. Ila nikajiambia, nikitoroka, lile neno litakuwa kweli.

Basi jana nikaenda. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi. Mama yako, amevaa kile kitambaa chake cha kanisani, alikaa mbele na dada yako Wanjiru. Karani akasoma maandishi yangu kwa Kiingereza, halafu akamfasiria Mama kwa Kikuyu, na akatumia neno la kutupa. Nilimwona Mama akiinua kichwa. Hakunitazama mimi. Alitazama ukuta.

Nikasimama kabla sijaitwa. Askari akaniambia kaa chini. Sauti ikanitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Mheshimiwa, hilo neno si langu."

"Neno gani?"

"Abandon. Mimi nilisema nilimuacha. Nilikuwa naenda kuleta watu. Na nilirudi."

Hakimu akavaa miwani. "Kwa Kiingereza ungesema nini?"

"Left, Mheshimiwa," nikasema, ile leave ya daftari lako.

Aliandika polepole. Nikasikia kalamu. Nikadhani yamekwisha, na nikaanza kupumua. Ndipo akauliza, "Ulipomwacha, ulienda moja kwa moja mpaka kituoni?"

Hapo, ndugu yangu, ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Maana hakuna aliyeniuliza hivyo tangu ulipokufa. Sikwenda moja kwa moja. Ukungu ulifunga, sikuona tena vile vigingi vya njia. Nikasikia kitu kizito kikivunja vichaka, nikadhani nyati. Nikachutama nyuma ya nyasi nikalia. Nusu saa. Labda zaidi. Wewe ulikuwa juu ukipumua yale maji ya kifuani mwako, na mimi nimechutama.

Hakimu akanisaidia, "Ulikuwa unangojea ukungu uondoke?"

Ningesema ndiyo, mlango wa maswali ungefungwa pale. Kungoja ni jambo la heshima. Lakini uliwahi kunieleza wait na stay, kwamba anayengoja ana kitu anachokitarajia, na anayekaa amekaa tu. Na ule ukungu ulikuwa bado umefunga vile vile nilipoinuka.

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema. "Nilikaa tu. Niliogopa."

Daktari akaitwa. Akasema mapafu yako yalijaa maji kwa sababu ya ugonjwa wa mlima, ule wa hewa nyepesi ya juu, kwamba pengine ulikuwa umeshachelewa tangu asubuhi, na kwamba hawezi kuapa kama hiyo nusu saa ingekuokoa au isingekuokoa. Hakimu akasema umekufa kwa ugonjwa na hakuna mtu wa kushtakiwa. Akaamuru maandishi yangu yasahihishwe. Yule askari akafunga faili bila kunitazama.

Watu walinipiga mabega kwa furaha. Mimi nilikuwa namtafuta Mama. Nilimkuta nje kwenye ngazi, Wanjiru amemshika mkono. Nikavua kofia. Alinitazama, akasema kwa Kikuyu, pole pole, bila hasira:

"Wambugu, ungeniambia mimi kwanza. Korti si mama yake."

Akashuka ngazi.

Ana haki. Wiki tisa nimepita mbali na lango lake. Nilihangaikia kalamu ya askari, na yeye alikuwa amekaa nyumbani bila mtu wa kumweleza mtoto wake alikwendaje.

Kwa hivyo Jumamosi nakwenda Endarasha. Nitakwenda asubuhi, kabla hajaenda shambani. Nimeogopa polisi, nimeogopa korti, lakini huu woga wa Jumamosi ni mwingine. Kwa sababu najua ataniuliza ulisema nini mwisho, na hilo sikulisema hata jana.

Pale chini ya jiwe, nilipotaka kushuka, ulinishika mkono wa kabuti. Vidole vyako vilikuwa vya buluu na ulikuwa umeshika kwa nguvu. Ukasema, "Usikawie." Ilibidi nivifungue vidole vyako kimoja kimoja ndipo niondoke. Na nikakawia.

Nitamwambia, Ndirangu. Nakuahidi. Sitapunguza neno wala sitatafuta jingine lililo laini. Akinifukuza, nitaondoka, na Jumamosi nyingine nitarudi. Akininyamazia, nitachukua jembe nimlimie, na nitakuwa narudi mpaka aseme yatosha.

Pumzika, mwalimu wangu. Huko uliko usiwe na baridi.

Mimi wako,
Wambugu