Chai ya Wagonjwa

Mama,

Zile barua ulizokuwa ukiniandikisha nikiwa mdogo, za kwenda kwa dada yako Uingereza, zote zilianza kwa kuuliza hali. "Muulize kwanza yeye yukoje, ndiyo useme habari zako," ulikuwa ukiniambia. Sasa nimekaa hapa barazani na kalamu mkononi na sijui nikuulize nini. Basi nitaparuka hapo. Sisi tupo. Arobaini yako imepita, khitma imesomwa, majamvi ya watu yamerudishwa. Mwanao Nassor alipewa ruhusa jeshini akaja, kakonda, kanyolewa kichwa chote, na siku hizi anatandika kitanda mwenyewe kabla jua halijatoka. Nilipomwona anakunja shuka nililia, maana wewe ulimpigia kelele za kitanda miaka yote na hukuliona hili. Baba anafungua duka kila asubuhi ingawa kwenye rafu kuna viberiti na doti chache za kanga zisizopendwa. Anasema akilifunga atakaa wapi.

Mtaani bado wanakutaja. Juzi duka la ushirika lilipata sukari, basi Kariakoo nzima ikawa pale. Watu waliweka mawe na vikapu kwenye foleni wakaenda kupika, kama kawaida. Waliporudi, mawe yalikuwa yametembea. Mama Chausiku, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni: "Angekuwepo Mama Salma, jiwe langu lisingesogea hata kidole!" Na kweli. Wewe ulikuwa unabaki palepale juani na mwavuli wako, unajua kila jiwe ni la nani, na mtu akijifanya kulisukuma lake mbele unamtazama tu mpaka anaona haya. Walikutania eti mtoto wa Kiingereza akizaliwa hupangwa foleni kabla ya kunyonya. Ukacheka kuliko wao. Sasa hakuna anayejua jiwe la nani, na sukari nilirudi bila.

Lakini leo nakuandikia hasa kwa ajili ya Bibi. Hadi majuzi nilidhani barua hii itakuwa ya kukuomba umpokee.

Unakumbuka nyinyi wawili mlivyoanza? Mimi nilikuwa sijazaliwa, ila Baba hachoki kuisimulia. Ulikuwa nesi umetoka kwenu Uingereza, ukaja dukani kununua kanga, ukarudi tena na tena hadi kanga zikawa kisingizio. Bibi alikuwa keshamchagulia mwanawe mke, binti wa jamaa zao wa Kiarabu, na hakupenda hata kidogo. Alisema kwa kuwa kijana hasikii, basi na alete mzungu wake, ila asitegemee yeye kubadilika. Wewe ukaingia nyumba hii na sanduku moja na buli la udongo.

Wiki ya kwanza, baada ya sala ya alasiri, ukapika chai kwa namna ya kwenu. Hukuchemsha majani na maziwa na tangawizi pamoja mpaka yakaiva. Ulimimina maji ya moto kwenye buli, ukalivisha kofia ya sufu ya kijani uliyoifuma mwenyewe, ukakaa unasubiri. Joto la Dar es Salaam, watu wanajipepea kwa vifuniko vya sufuria, buli limevaa sweta! Bibi akauliza, "Lina mafua?" Kisha ukammiminia kikombe, ukatia maziwa baridi juu. Alionja, akakunja uso. "Chai gani hii? Ya wagonjwa?"

Nawe, kwa Kiswahili chako cha miezi michache, ukamjibu, "Ndiyo, ya wagonjwa. Wewe umesema mgongo unauma tangu asubuhi. Kunywa."

Baba anasema alitaka ardhi ipasuke. Shangazi alijifunika mdomo kwa ushungi. Mkwe hamjibu mama mkwe, Mama! Mkwe huinamisha macho, huitika kwa sauti ndogo, hata kutafuna mbele yake ni kwa adabu. Wewe ulikuwa umewaona wajukuu wa jirani wakimtania bibi yao barazani, wakimwita mchumba, wakimfichia bakora, ukadhani vikongwe wote wa nchi hii wanataniwa na kila mtu. Hakuna aliyekwambia kwamba ule ni utani wa wajukuu peke yao. Ukakaa unatabasamu, ukiamini umefanya jambo la kienyeji kabisa.

Bibi akakutazama. Akakutazama sana. Halafu akacheka mpaka ushungi ukamwanguka, akanywa ile chai hadi chini.

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukurekebisha. Kila saa kumi jioni, miaka yote niliyokaa katika nyumba hii, ilikuwa ni buli, kofia, na ugomvi. Yeye: chai haijaiva. Wewe: meno ndiyo hayajaiva, mama, onyesha tuone yamebaki mangapi. Maziwa baridi yatanipa kikohozi. Basi ukikohoa tutajua uko nyumbani. Mimi na Nassor tulikua tukidhani ndivyo watu wazima wanavyosali alasiri.

Ulipoondoka, Bibi hakulia mbele ya watu. Alikaa mkekani na wanawake, akapokea pole, akatazama ukuta. Wageni walipotawanyika akaacha kula. Mwanzo tulisema ni uchungu, utapita. Haukupita. Tende moja, maji, basi. Tukampeleka zahanati, wakampima, wakasema hawaoni ugonjwa. Vidole vyake vilikuwa vyembamba hata pete ikawa inaanguka kwenye mkeka kila akitawadha, na Baba anaiokota, anamvisha tena.

Mama, tulijaribu kila kitu. Supu ya kuku, kuku mwenyewe tumempata kwa kubembeleza. Uji wa mchele. Mama Chausiku alikwenda soko la samaki la Feri alfajiri akaleta changu, akampika kwa nazi jinsi wanavyopika kwao kusini, ukumbi mzima ukanukia. "Weka hapo," alisema Bibi. Mimi nikampikia chai ya kweli, ile aliyokuwa akiilalamikia kuikosa miaka yote, imechemka na iliki na tangawizi mpaka imekuwa nyekundu. "Weka hapo." Inapoa, inafanya utando, naimwaga.

Na wote tulikuwa wapole, wapole kupita kiasi. Akisema samaki ana chumvi, tunasema samahani Bibi, ana chumvi. Akisema jua kali, ndiyo Bibi, kali. Tuliingia chumbani kwake kwa ncha za vidole. Hata mimi, ambaye yeye ameniita mke mwenzake tangu nikitambaa, nilikuwa namshika mkono na kumwambia jikaze, Bibi yangu, jikaze. Alikuwa akinitazama kwa namna ya kuchoka. Nilidhani amechoka kuishi.

Sasa ile siku ya sukari. Nimesimama foleni tangu asubuhi, nimerudi mikono mitupu, kisigino kimechubuka. Nafika, mkaa umebaki wa kuchemsha maji tu, si wa kuivisha chai. Ndipo nikalikumbuka buli lako. Nilikuwa sijaligusa. Nikaliosha, nikatia majani, nikamimina maji, nikaanza kutafuta kofia yake. Sikuiona kabatini wala jikoni, na nilishaamini wale wanawake wa msibani waliichukua pamoja na sufuria zao. Basi nikalipeleka hivyo hivyo, kichwa wazi, na maziwa baridi kwenye kikombe kingine, nikaweka sinia mbele ya Bibi kwa kishindo ambacho sikukikusudia.

Akalitazama buli. Akatia mkono chini ya mto wake, akatoa kofia ya kijani.

"Livishe," alisema. "Lisije likapata mafua."

Nikalivisha. Tukakaa tunasubiri kama ulivyokuwa ukisubiri wewe. Nikammiminia. Akaonja, akakunja uso.

"Chai gani hii? Ya wagonjwa?"

Najua ilinipasa kusema samahani Bibi. Lakini nilikuwa na njaa, kisigino kinawaka, nimekukosa wewe, na maneno yakatoka yenyewe: "Ndiyo, ya wagonjwa! Kwani hapa mzima ni nani? Kunywa, au nikuitie yule mzee muuza kahawa uliyekuwa ukimkonyeza?"

Nikaogopa. Baba alikuwa mlangoni, pete mkononi. Bibi akaweka kikombe chini taratibu, akanitazama vile alivyokutazama wewe, nadhani, maana sasa nimeuona uso ule ambao Baba husimulia. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na analia pia, yote pamoja, na Baba akageukia ukuta.

Akanywa hadi chini. Akasukuma kikombe. "Nyingine. Na mkate, kama hamjaumaliza nyie walafi."

Alikula vipande viwili, Mama. Jana akala wali. Leo asubuhi amegombana na Mama Chausiku kwamba changu siku ile alikuwa hana nazi ya kutosha, akamwagiza alete mwingine.

Adhana ya alasiri imekwisha, maji yako motoni, lazima niishie hapa. Lala salama, Mama yangu mwenye mwavuli. Mungu akupe nafasi nzuri, na kama huko kuna foleni, ninajua imenyooka. Bibi nitakutunzia. Nakuahidi kila siku saa kumi nitamwekea chai mbaya, nitalivisha buli lako, na sitamhurumia hata kidogo. Ila nivumilie, bado najifunza. Siku ile alipomaliza kikombe cha pili alifuta macho kwa pindo la kanga yako, ile aliyoing'ang'ania tulipogawa nguo zako, akaniambia:

"Mama yako alikuwa anajibu upesi zaidi."

Mwanao,
Salma