Baiskeli ya Nassibu bin Akida Iliyorudi kwa Miguu

Mwaka umetimia, Nassibu, tangu tukushushe kaburini hapa Shinyanga, mwezi wa Agosti, 1935. Sisi watu wa nyumbani kwako tunakuandikia wewe kwanza. Wanaozungumza juu yako na wasome baada yako, kwa maana wamezungumza vya kutosha.

Ulikuwa fundi cherehani. Vipande vya nguo vilivyobaki hukuvitupa; uliviunga vikawa kanzu za watoto wa jirani, na mzazi aliyekuja kukushukuru ulimwambia asogee, anakuzibia mwanga. Mkeo Mwaisha anasema hukuwahi kumtuma maji ya kuoga. Uliyateka mwenyewe, na ya kwake pia. Hayo ni kweli na hayana haja ya kupambwa.

Kila kiangazi, kazi ilipopungua, ulifunika cherehani, ukapaka mnyororo mafuta, ukafunga birika, pampu na viraka nyuma ya baiskeli, ukaondoka. Hukuwa na cha kuuza wala cha kununua. Ulikwenda kutazama. Majirani hawakulielewa hilo, kwa kuwa kila mtu aliyeelekea Geita siku hizo alifuata dhahabu. Waliposikia umepita machimbo ya Nyarugusu bila kushika sururu, walidhani unawaficha.

"Fundi, umetuletea nini safari hii?"

"Vumbi," uliwajibu. "Leteni kibaba niwapimie."

Ulipenda milima yenye msitu, mahali ambapo njia ina giza hata jua likiwa utosini. Zaidi ulipenda vijiji vya mawe vilivyo nyuma ya milima hiyo, ambako kuta za mazizi na misingi ya nyumba zimepangwa jiwe juu ya jiwe, bila udongo, na zimesimama tangu enzi za mababu. Ulisema ulizipapasa kutafuta mshono, hukuuona. Kengele uliipiga hata njia ikiwa tupu. Dada yako Tabu alikuuliza unampigia nani. "Mlima," ulisema. "Ujue kwamba napita."

Hayo tunayakumbuka kwa upendo. Yanayofuata tunayakumbuka pia, na hatutayalainisha kwa sababu umekufa.

Zamoyoni, uliyesafiri naye mwaka jana, anasimulia sokoni na misibani kwamba ulilogwa. Anasema Mzee Mihayo, mkubwa wa kijiji cha mawe cha Itale, alitaka kukupiga kwa majani ya mizimu. Ulipokataa, akakutupia usingizi hadi ukafa. Masimulizi hayakumtosha. Amekwenda kwa mtemi wa huko, amemshtaki Mihayo kwa uchawi, na ametaja ukoo wetu kuwa ndio wenye malalamiko. Shauri litasikilizwa mwezi ujao. Mihayo akishindwa, yeye na watu wake watafukuzwa Itale, na kuta ulizozipapasa zitabomolewa.

Sisi hatukumtuma Zamoyoni. Kwa hiyo tunaeleza yaliyotokea kama ulivyoyaeleza wewe mwenyewe, hospitalini, asubuhi zile ambazo kichwa chako kilikuwa bado kimetulia, mbele ya kaka yako Sefu.

Msitu ule una mbung'o, nzi waletao malale, ugonjwa wa usingizi, na huua ng'ombe pia. Hufuata kila kinachokwenda, na hupenda kutua mgongoni mwa mwendesha baiskeli, mahali asipoweza kujiona. Ndiyo sababu kila mwisho wa msitu kuna kibanda cha mbung'o. Msafiri hushuka, huingia, mlinzi humkagua na kuwanasa nzi kwa wavu, kisha humwachia aende penye watu na mifugo. Wewe ulichukia vibanda hivyo. Ulisema wewe si gunia la mtama la kupepetwa hadharani. Maduhu, mlinzi wa kibanda cha upande wetu, anasema anakufahamu mgongo tu, kwa kuwa kila uliporudi ulipita vichakani naye akabaki akikuita.

Kibanda cha upande wa Itale mlikikwepa pia, kwa njia ya pembeni. Njia hiyo aliijua Zamoyoni. Sokoni hasemi hivyo.

Mlipofika Itale mlikuta mawe mawili makubwa yaliyo lango la kijiji. Hapo mgeni hushuka, husalimia, hugeuza mgongo, na mwenyeji humpigapiga kwa tawi lenye majani. Wanafanya hivyo kwa kila atokaye msituni, wakiwemo watoto wao, kwa sababu nyuma ya mawe hayo kuna ng'ombe. Hakuna mizimu hapo. Ni kibanda cha mbung'o kisicho na paa, na kilikuwapo kabla ya vibanda vingine vyote.

"Mwangaluka, mwanangu," Mihayo alikuamkia kwa Kisukuma. "Shuka ugeuke. Una nzi mgongoni."

"Mimi Mwislamu, mzee. Sipigwi majani ya matambiko."

"Matambiko gani? Nafukuza nzi."

"Hao ni abiria wangu," ulisema. "Waache, wamekwisha lipa nauli."

Zamoyoni akacheka. Ukapiga kengele, ukapita katikati ya mawe ukiwa umepanda, hadi ukutani mwa zizi. Ulituambia mwenyewe kwamba hata hapo ulikuwa umekwisha umwa shingoni, ukajikuna, ukaendelea. Watu wa mji tumezoea kuona uchawi katika kila desturi ya mtu wa shamba. Wewe ulikuwa mtu wa mji.

Mlikwenda hadi Chato mkaliona ziwa. Mliporudi ulikuwa na homa, na kichwa kikiangukia usukani. Ulidondoka kwenye mawe yale yale mawili. Zamoyoni alipanda baiskeli yake akasema anakwenda kutafuta msaada. Aliutafuta hadi nyumbani kwake. Waliokulaza ndani, wakakunywesha uji, wakakubeba kwa machela hadi hospitali ni Mihayo na wanawe. Mtu aliyekuloga angekuacha mlangoni tu. Kazi ingekuwa imekwisha.

Daktari alikutoboa kidole. Sefu aliomba kutazama kwenye hadubini, akaruhusiwa, akawaona wadudu wa malale wakipenya katikati ya damu yako. Dawa ilikuwapo. Ilichelewa. Huo ndio ushahidi wetu, na anayetaka kuupinga alete damu yake, asilete hadithi.

Tulipokuwa matangani, Mihayo alibisha hodi akiwa ameshika baiskeli yako. 

"Mchawi hurudi kutazama kazi yake," alisema Zamoyoni.

Mihayo hakumtazama. Alimwamkia mama yetu. "Mama Nassibu, nimeleta mali ya marehemu. Sijui kuipanda, nimekuja nikiisukuma."

"Kutoka Itale? Kwa miguu?"

"Imenifuata vizuri. Haina ubishi kama mwenyewe."

Mama akacheka huku machozi yakimtoka. Wenye hasira siku ile walikuwa wale ambao hawakufiwa.

Mihayo alikula, akapumzika, akaondoka. Hakutuambia neno juu ya ng'ombe wake. Maduhu ndiye aliyetueleza baadaye. Ng'ombe wa Itale walianza kudhoofu na kufa baada ya ninyi kupita. Hatusemi kwamba nzi wote waliletwa na mgongo wako. Waendesha baiskeli ni wengi, na mgongo wa Zamoyoni ulikuwapo. Tunasema kwamba mliombwa mshuke, na hamkushuka. Katika jambo hili, Nassibu, wewe hukutendewa ubaya. Uliutenda. Aliyeutendewa ndiye anayeshtakiwa kwa jina lako.

Maduhu alitueleza na hili. Siku Mihayo alipotoka msituni na baiskeli yako, alikwenda kibandani bila kuitwa. Aligeuza mgongo, akakaguliwa, kisha akaomba baiskeli nayo itazamwe, chini ya kiti na katikati ya magurudumu.

"Mzee," Maduhu akamwambia, "ng'ombe wako wamekwisha. Unamkinga nani sasa?"

"Huko mbele kuna ng'ombe wa wenzangu," alisema.

Kwa hiyo, hitima yako itasomwa nyumbani kwa mama, Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu, baada ya sala ya mchana. Anayekuja kukuombea, karibu. Anayekuja na habari za usingizi uliotupwa, abaki kwake, hatutampa mkeka. Zamoyoni hajaalikwa, na asiseme tena "sisi" anapotaja msiba huu.

Sefu atakwenda barazani kwa mtemi kusema kwamba wenye kufiwa hawana lalamiko lolote dhidi ya Mihayo, na kwamba kama kuna wa kuomba radhi ni sisi. Atakwenda kwa baiskeli yako. Ataingia vibanda vyote viwili. Akifika Itale, kwenye mawe mawili, atashuka, atasalimia, atageuza mgongo, na atasimama hapo mpaka Mzee Mihayo aridhike.

Unakumbukwa na mama yako, Bi Mwasiti; mjane wako, Mwaisha; binti yako Zena, ambaye bado anapiga kengele ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani; dada yako, Tabu; na kaka yako, Mwalimu Sefu bin Akida.

Hatutakusahau kamwe, Nassibu, kama ulivyokuwa: mikono yako na mgongo wako pia.