Wito wa Mama Kutoka Vudee

Alhamisi, 26 Juni 2025

Wanakuja! Miaka miwili tunasalimiana kwenye simu tu, sasa watu wa kundi wanataka tuonane uso kwa uso. Jumamosi ya kabla ya Sabasaba, Vudee, kijijini kwetu, nyumbani kwa rafiki yangu Dorkas. Mimi ndiye admini — nakwepaje?

Kundi lenyewe ukimweleza mtu anacheka. "Tuite Nyumbani." Watu wanatuma sauti za mama zao wakiita watoto jioni, kilima hadi kilima. Basi. Kwetu milimani wito haufiki wenyewe. Anayeusikia katikati anaupokea, anaupaza tena, mpaka mtoto apatikane. Sauti mia nne na kitu tunazo. Careen wa kijiji cha Kifaru anaziondoa kelele. Mzee Paschal wa kule bwawani Nyumba ya Mungu anaandika kila moja ni ya nani na ya wapi. Sijawahi kuwaona.

Na ile ya kwanza, inayopendwa kuliko zote, ni ya uongo.

Jumatano, 2 Julai

Chakula hakipiti.

Mama alifariki 2019. Sina hata sekunde moja ya sauti yake. Ndiyo maana nilianzisha kundi. Nikajifungia stoo ya steshenari yangu hapa Same, jirani na stendi, blanketi kichwani, nikaita alivyokuwa akiniita: "Eliakundaaa-eee!" Nikaandika: Mama, Vudee. Nilitaka iwepo tu. Kumbe watu wataipenda hivyo! Mzee Paschal huisikiliza kila akimaliza kuuza samaki. Leo kaandika: mwambie mama namletea perege. Nimemjibu kwa kidole gumba. Mwoga mkubwa mimi.

Dorkas tumesoma pamoja, alimzika mama pamoja nami, kwa hiyo anajua. Kanipigia: waambie kabla hawajapanda mlima. Nimeandika ujumbe mara tano. Nimefuta mara tano. Wakijua, nani ataniamini tena? Kundi litakufa.

Jumamosi, 5 Julai — Vudee, saa tisa

Wamefika kumi na wawili. Careen ni kijidada kifupi, na mimi kwa sauti ile nilidhani ni mtu wa miraba minne! Mzee Paschal ana kofia ya sufu na ndoo ya perege. Shikamoo. Marahaba, binti. Na papo hapo: mama yuko wapi nimsalimie?

Nikaacha kula makande. Nikasema yote. Nimesimama, bakuli mkononi. Stoo, blanketi, kaburi.

Wakatazamana.

Halafu Careen akaangua kicheko. Wanajua! Tangu wiki ya kwanza wanajua! Nyuma ya wito wangu kuna mpiga debe anaita abiria wa Mwanga, Moshi, Arusha. Careen kamfuta mara mbili, hafutiki.

"Dada, Vudee mna stendi tangu lini?"

Wote wakacheka, nami nikacheka huku nalia. Mzee Paschal hakucheka sana. Akasema naye hana sauti ya mama yake. Alipomsikia yule mpiga debe akaelewa kuna mwenzake asiye nayo. Ndiyo maana anaisikiliza. Na kumuulizia mama kote kule alikuwa ananipa tu nafasi niseme mwenyewe.

Jamani, nafuu hii! Nimekula bakuli mbili. Miaka miwili nimejificha bure.

Bado Jumamosi, jua linazama

Wamenibana niite tena, safari hii kutoka ukingo wa shamba la Dorkas, kule alikokuwa akisimama mama mwenyewe. Nimekataa. Wamenisukuma. Nimeita.

"Eliakundaaa-eee!"

Imetoka sauti ya mama! Nimeisikia mwenyewe. Careen anarekodi. Tulikuwa tunapiga makofi — mara mwanamke huko chini, wala hatumjui, akaupokea wito. Eliakundaaa! Kisha mwanamume, mbali zaidi. Kisha mwingine, ng'ambo ya bonde. Dorkas kashika kichwa: hao hawajui kama tunacheza, watamtafuta mpaka wampate! Tumepiga kelele kuwazuia. Wapi! Upepo umegeuka, sasa unakuja upande wetu.

Nimekaa juu ya jiwe, naandika. Jina langu limeshuka hadi mtoni. Sasa kimya.

Hapana — linarudi. Mtu anajibu, na jibu linapanda, sauti hadi sauti. Mzee Paschal kavua kofia.

"Amesikiaaa! Anakujaaa!"

Eliakunda ni mimi, nami niko hapa juu ya jiwe; anayekuja ni nani? Hakuna anayecheka. Dorkas kaingia ndani, katoka na bakuli jingine la makande, la huyo anayekuja, kaliweka karibu yangu. Sote tunatazama njia.