Damu ya Wale Watatu Wanono

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za wifi yako na za kuku waliobaki. Natumaini mgongo umekupa nafasi ya kupumua na shemeji ameacha kukoroma, ingawa hilo la pili naliomba bila matumaini makubwa. Sisi huku ni wazima.

Kwanza ahsante kwa kuning'ang'ania nimwite daktari wa mifugo. Unajua vifaranga wangu walivyokuwa wakihara nyeupe na kufa hata kabla ya kuota manyoya. Nililaumu mashine ya kutotolesha, nikalaumu pumba, nikamlaumu hata wifi yako kwa kuacha mlango wazi. Msimu mwingine wa namna ile ningefunga banda nikaombe kazi, na kwa umri huu nani atanichukua?

Daktari akaja, binti mpole mwenye mikono myepesi. Akasema kwenye damu ya kuku wazazi anatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukishakutana na bakteria wa ugonjwa huo. Mimi kwa ujuaji wangu nikamletea waliokonda tu, hasa yule mtetea aliyebaki mifupa ambaye nilishampangia sufuria. Akamchoma mshipa wa bawa, akaweka tone la damu kwenye kigae cheupe, tone la dawa ya rangi ya zambarau, akakoroga. Ikabaki laini. Wote wakawa salama, nami nikaanza kujipongeza.

Wifi yako, aliyekuwa akifua pembeni, akauliza taratibu mbona wale wanono niliowafungia chumba cha nyuma hawapimwi. Nikajitetea kwamba wakishtuka wataacha kutaga. Daktari akacheka.

"Baba, bakteria hawaangalii nani amekonda. Niletee hao."

Damu ya watatu ikakatika chembechembe kama maziwa yaliyochacha. Kumbe kuku wa namna hiyo hula, hunenepa, hutaga vizuri, na yai lake linaweza kubeba ugonjwa hadi kwa kifaranga. Daktari hakutaka kuwaonea, akapeleka damu maabara. Jana majibu yalithibitisha. Tumewaondoa, mayai yao tumeyateketeza, na waliobaki atawapima tena.

Sasa dada, nimezunguka sana kwa sababu naogopa kukuumiza. Watatu hao ndio wale ulionipa nilipoachishwa kazi. Bila wao nisingekuwa hata na banda la kulalamikia, na shukrani yangu haijapungua hata punje. Lakini ndugu zao wako kwako, na najua unajiandaa kuwagawia akina mama wa kikundi chako vifaranga. Tafadhali usigawe kwanza. Wala usikimbilie dawa; daktari anasema itawatuliza tu, haitawasafisha.

Nimemwomba aje kwako Jumamosi, nami nitafuatana naye. Akina mama wakiuliza, waambie ugonjwa umegunduliwa bandani kwa mdogo wako. Ni kweli tupu, na mimi kuchekwa nimeshazoea.

Msalimie shemeji, na jogoo wako mkorofi mfungie kabla sijafika.

Mdogo wako akushukuruye,
Bwana Kuku