Bafu Ndani ya Buti

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo anywe dawa saa nne, kijiko kimoja, na usimpimie kwa macho.

~~Gari usiliguse.~~ Gari nakuachia, nimekwenda kazini kwa miguu.

Asubuhi umenifokea mbele ya watoto eti nakanyaga mafuta kama dereva wa ambulensi, ndiyo maana gari lililotangazwa kwenda kilomita ishirini kwa lita linaishia kumi na tatu. Roho imeniuma. Halafu nimefungua buti nichukue mwavuli, nikakuta chini ya turubai boksi sita za vigae vya bafu letu, ulizozificha humo tangu mwaka jana zisiibwe. Na wewe ni fundi wa vigae! Gari la kwenye tangazo halikubeba bafu, mume wangu, wala halikusimama kwenye foleni ya shule.

Boksi zote nimezishusha, mgongo wangu shahidi. Leo huna kazi, vibandike hivyo vigae. Jioni tujaze tangi, twende wote kwa dada. Wewe uendeshe, mimi nihesabu kilomita. Hata tusipofika ishirini, bafu tutakuwa nalo.

Mkeo,
dereva wa ambulensi