Upande wa Karatasi Niliouacha Mtupu

Mama,

Jana alikuja. Mume wako, maana mimi kumwita baba niliacha siku ile. Ametoka jela na bega lake limeinama, pale pale nilipolivunja. Nitafika huko. Kwanza nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia: ile karatasi iliyokuponza ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu.

Unakumbuka nilikuwa nasoma hapa Nachingwea, kidato cha nne. Mwalimu wetu wa baiolojia, mtu wa kuja, alianzisha masomo ya bure kila Jumamosi kwa wanafunzi wanaopenda mambo ya urithi. Wenzangu walifuata uji wa karanga wa mkewe. Mimi nilikwenda kwa ajili ya Somoe. Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili, mweupe, na kila nikirudi nyumbani Nkowe nakukuta na jeraha jipya. "Sema ni mzungu gani," alikuwa akikuuliza, na kofi linatua kabla hujajibu. Siku aliyokung'oa jino ulilifunga kwenye pindo la khanga, ukaendelea kubangua korosho.

Kwa hiyo mwalimu aliposema ualbino ni wa kurithi, nikaona nimepata silaha. Akatuagiza tuchore ukoo: mwanamke duara, mwanamume mraba, mwenye ualbino umbo lake lijazwe wino, marehemu akatwe kwa mstari. Sasa Mama, ukimwambia mtoto wa Kimwera achore ukoo, atachora wa nani? Mtoto ni wa kwa mama. Baba kaja kulima tu kwa wakwe. Darasa zima tulichora upande wa mama, wa baba tukauacha mtupu, wala hatukuona ajabu. Mwalimu alisema atasahihisha Jumamosi inayofuata. Mimi sikusubiri. Haraka haraka haina baraka, ulinifundisha mwenyewe. Niliazima baiskeli nikaja nyumbani na karatasi yangu yenye duara moja jeusi, dada yake bibi, yule wa Nambilanje aliyekufa kwa vidonda vya jua.

Nilimsomea mumeo mbele yako. Nikasema hakuna mzungu, ni urithi. Nilikuwa natabasamu, Mama. Akaliangalia lile duara, akauangalia upande wake uliokuwa mtupu, akasema polepole, "Kumbe ni damu ya kwenu. Mlijua, mkanificha." Akauchomoa mchi kwenye kinu, una unga bado. Pigo la kwanza ulikinga kwa mkono, nikausikia mfupa. La pili hukukinga, kwa sababu Somoe alikuwa amekushika miguu na wewe uliinama kumfunika.

Siku mbili ulikaa hospitali bila kufumbua macho. Watu waliambiwa umeteleza kisimani. Na mimi nilinyamaza, nisamehe, nilinyamaza kwa sababu niliamini aliyekuua ni mimi.

Waliotusaidia ni watani. Siku ya tatu ya matanga, mtani wa ukoo wa mumeo, yule mzee mfupi wa tumbaku, alivaa koti la mumeo, akajipaka majivu usoni, akawa anatembea kwa madaha uani kama yeye. Watu wakacheka. Akasema, "Mimi bwana sitaki weupe nyumbani kwangu. Mama yangu alizaa mweupe kabla yangu, tukamziba pumzi kwa majivu hata hajanyonya. Muulizeni." Kicheko kikakatika. Mtani hakasirikiwi msibani, hata akikutukana kaburi. Mama yake mumeo akajifunika khanga usoni, na kule kujifunika kulitosha.

Ndipo nikaelewa. Ili mtoto awe hivyo lazima apokee kwa baba na kwa mama. Duara jeusi lilikuwepo upande wake pia, lilikuwa limefukiwa tu, na mimi sikumwachia hata nafasi ya kulichora. Nikaingia jikoni. Mchi ulikuwa umeoshwa, lakini kwenye ufa wa mti palibaki nywele zako tatu. Nikatoka nao, nikampiga begani kwa nguvu zangu zote, nilikuwa nataka kichwa. Wanaume wanne walinishika. Nikapiga kelele, nywele zake zimo mchini, si kisimani, njooni muone. Mtendaji wa kijiji akaita polisi, wakamchukua mumeo.

Tangu hapo ni hivi. Nimekuwa mwalimu wa baiolojia, na kila likizo ya Juni tunafundisha urithi bure kwa siku tatu. Wanakuja wa Naipingo, wa Ruangwa, wengine kwa baiskeli toka alfajiri. Mwaka huu tuna kompyuta mbili na jenereta. Kinasaba cha ualbino kimeandikwa kwa herufi, mistari na mistari, na wanafunzi wanalinganisha watafute herufi moja iliyobadilika. Somoe ndiye hodari wao. Macho yake unayajua, anabandika pua kwenye kioo, wenzake wanamtania kwamba anasoma kwa kunusa. Tangu redio ianze kutangaza kwamba watu wenye ualbino kama yeye wanakatwa viungo, nimeweka panga nyuma ya mlango, na nitalitumia.

Jana mumeo alisimama dirishani, ameshika kofia. Mkono wangu ulitafuta kitu kizito. Somoe aliuliza ni nani, nikamwambia. Akavaa kofia yake ya jua, akatoka, akampa chaki.

Mumeo akaingia. Ubaoni palikuwa na mchoro wa ukoo wetu, upande wake bado mtupu. Akachora duara la mama yake. Chini yake duara dogo, akalijaza mpaka chaki ikasagika, akalikata kwa mstari. Kisha akafika kwenye lako. Nilikuwa sijawahi kulikata, miaka yote hii nakuchora kama uko hai. Akaishusha chaki, akanigeukia, anataka nimwonee huruma.

Nikamwambia, "Kata." Akakata.

Sijamsamehe, na usije ukaniomba ndotoni. Lakini usiku wa jana nililala hadi asubuhi, mara ya kwanza.

Pumzika sasa, mama yangu. Nakuahidi Somoe atazeeka, na hakuna mtoto atakayetoka darasani kwangu na nusu ya karatasi.

Mwanao,
Fatu