Kipande cha Mwisho cha Bwana Kofia

Paskazia, rafiki yangu,

Nyanga kumekucha kwa ukungu, ziwa halionekani, nami nimekaa mlangoni na karatasi magotini. Habari uliyonituma kuifuata ninayo. Nilichelewa, lakini ninayo.

Usiku nakuota. Unanijia huna rangi, mweusi na mweupe tu, kama wale watu wa kwenye pazia la sinema la Mhindi mwenye duka, na mwanga wa mashine unachezacheza usoni pako. Unatafuna punje zako za kahawa taratibu, unanitazama. Naamka nikiwa bado nasikia mashine ikivuma.

Ile picha iliyokuja kipande kimoja kila wiki tuliipenda, jamani. Kila Jumamosi mchana tulishuka mjini, na kila Jumamosi shujaa wake, Bwana Kofia, alikufa. Jina hilo ulimpa wewe, maana la kwake lilitushinda kulitamka. Daraja lilikatika chini yake, au pango lilijaa maji, mashine ikazimwa hapohapo, tukapanda kurudi nyumbani roho juu juu. Mara ya kwanza ulimwona akiporomoka gengeni, na Jumatatu nikakukuta umekaa kibarazani, magugu yameota mpaka kwenye mashina ya migomba. Ukaniambia, uso mkavu, kwamba kwenye msiba jembe halishikwi. Mawe, mama yangu wee, nilicheka mpaka nikakaa chini. Jumamosi iliyofuata huyo hapo, ameng'ang'ania mzizi, mzima kabisa. Ukasonya, ukalalamika kwamba amekupotezea wiki nzima ya palizi. Lakini ulikuwa unalia. Nilikuona.

Tangu hapo ukawa msimuliaji wetu. Wanawake waliacha ndizi jikoni waje kukusikiliza, nawe ulipaka rangi pale ambapo picha haikuwa nayo: farasi mwekundu kama udongo wa njia ya Kashozi, kitambaa cha kijani cha yule dada wa kwenye picha. Nikikubishia, unasema macho yangu mavivu. Sasa nikiikumbuka ile picha, naikumbuka kwa rangi zako.

Kisha ukaugua. Mama yako akaja kukuchukua akakuuguze kwenu Nshamba, nawe hukuwa na mume wa kumzuia. Kipande cha mwisho kilikuwa bado hakijafika na meli ya Mwanza. Ulinishika mkono ukasema, "Nenda ukakitazame. Halafu uje unisimulie mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote."

Nilikwenda. Kesho yake nikapanda lori la kahawa, njia nzima nikiipanga hadithi kichwani, mpaka rangi nimeziongeza ili usinicheke. Nilipofika kwenu nikakuta nyasi zimetandazwa chini na watu wamekaa juu yake. Ulikuwa umeondoka alfajiri. Tukakuzika kwenye kibanja cha baba yako, kati ya migomba, na mimi nina hadithi nzima mdomoni, sijui niiweke wapi.

Huku Nyanga wananiuliza ilivyoisha. Wananiuliza kwa upole, nami nawanyima. Jirani yangu amenuna kabisa. Siwezi kuwapa wao kitu chako. Na jembe sijalishika, Paskazia. Matanga yameshaanuliwa, mume wangu ananitazama tu, lakini kila Jumamosi najikuta nasubiri uonekane, umeng'ang'ania mahali fulani. Huonekani. Nina hasira na wewe kwa hilo, na nakuambia hata kama marehemu haambiwi hivyo.

Basi sikiliza. Safari hii hakuanguka. Hapakuwa na genge wala maji. Alitembea muda mrefu, peke yake, kwenye nchi ya milima na majani marefu, na sisi tulikaa tukingoja litakalomkuta. Halikumkuta lolote. Akafika kwao. Mama yake alikuwa ameketi nje anaota jua, akainuka, akamshika mikono yote miwili, wakaingia ndani. Mlango ukarudishwa taratibu. Basi.

Watu ukumbini walinung'unika, walitaka vita. Mimi nililia, kwa sababu nilijua ungeipenda, na sikujua bado kwamba na wewe ulikuwa unafika.

Kwaheri, mwenzangu. Kesho nitawasimulia wale wengine, nakuahidi. Lakini wewe umesikia wa kwanza.

Federika